Ufadhili wa Chuo Kikuu Si Karo Pekee: Jinsi Mpango wa Kulea Viongozi Unavyoendeshwa

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi wa Ngao, Garsen, Tarasaa, Golbanti, Oda na Wema huulizana swali lile lile: karo itatoka wapi? Ni swali la haki. Mwanafunzi aliyepata alama ya C+ na zaidi amefikisha kiwango cha kujiunga na chuo kikuu, lakini alama hailipi chakula wala chumba cha kulala.

Kuna swali la pili ambalo huulizwa mara chache. Mtoto huyo akishapata mfadhili, akaenda Kilifi, Mombasa au Nairobi kwa miaka minne, atarudi kama nani? Atakuwa na shahada tu, au atakuwa mtu ambaye kijiji kinaweza kumkabidhi kamati ya maji, zahanati, shule au mazungumzo ya amani?

Makala haya yanaeleza mipango ya kulea viongozi miongoni mwa wanafunzi wanaofadhiliwa: ilianza vipi, huendeshwa vipi, sheria inaruhusu kaunti kufanya nini, na wewe mwenyeji unaweza kuanza na nini hapo ulipo.

BASARI, MKOPO NA UFADHILI: TOFAUTI NI IPI?

Maneno haya matatu huchanganywa sana barazani, kwa hivyo tuyatenganishe kwanza.

Basari ni msaada wa sehemu ya karo. Hutolewa mara moja kwa muhula au kwa mwaka, na mara nyingi hundi huenda moja kwa moja shuleni au chuoni. Anayeitoa hamfuatilii mwanafunzi baada ya hapo.

Mkopo ni pesa za kurudishwa. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995, na mwanafunzi anayekopa huanza kulipa baada ya masomo.

Ufadhili kamili ni ahadi ya kumsimamia mwanafunzi hadi amalize, kwa karo na mahitaji mengine. Huku ndiko mipango ya kulea viongozi ilikozaliwa. Wafadhili waligundua kwamba kumlipia kijana miaka minne bila kumlea ni kama kupanda mpunga kisha kuuacha bila kupalilia. Utaota, lakini magugu yataota pamoja nao.

MIFANO INAYOJULIKANA

Wazo hili si geni Kenya. Mwaka 1959, Tom Mboya na wenzake walianza kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda kusoma Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba mwaka huo ikiwa na wanafunzi 81. Kufikia 1963 walioenda kwa mpango huo walikuwa wamekaribia 800. Profesa Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioondoka mwaka 1960. Wafadhili wa Marekani walitoa pesa, lakini familia na vijiji vya hapa nyumbani pia vilichanga. Aliyechangiwa alijua kwamba ameenda kwa niaba ya watu wake. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963, wengi wao walirudi wakashika kazi za serikali, vyuo na mashirika. Hakukuwa na darasa maalumu la uongozi. Deni kwa jamii ndilo lililokuwa darasa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Equity. Mwaka 1998, ilipokuwa bado shirika la akiba na mikopo ya nyumba, Equity ilianza kuwafadhili mvulana na msichana waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa kidato cha nne kwenye wilaya zilizokuwa na matawi yake. Mpango huo uliendelea kukua, na leo unajulikana kama mpango wa viongozi wa Equity. Wakati huo mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne alikaa nyumbani muda mrefu akisubiri kuingia chuoni. Equity iliutumia muda huo. Kijana aliajiriwa kwa muda katika tawi la benki, akalipwa, akajifunza kuhudumia wateja, kutunza siri, kufika kazini kwa wakati na kuweka akiba ya kuanzia chuo. Kila mwaka wanafunzi wa mpango huo hukutanishwa katika kongamano la uongozi, na wale wanaotaka kuomba nafasi katika vyuo vya nje hupewa ushauri.

Mwaka 2010, wakfu wa Equity ukishirikiana na wakfu wa Mastercard ulianzisha Wings to Fly kwa ajili ya watoto werevu wa familia maskini wanaoingia sekondari. Baadaye likaja Elimu Scholarship, la Serikali ya Kitaifa kwa fedha za Benki ya Dunia. Katika miradi hii miwili, mlezi, makongamano na kazi za jamii ni sehemu ya ufadhili wenyewe. Mwanafunzi anayefaulu vizuri kidato cha nne anaweza kuendelea hadi mpango wa viongozi.

Katika vyuo vikuu, wakfu wa Mastercard ulizindua mpango wake wa wasomi mwaka 2012. Makerere ya Uganda ilijiunga mwaka uliofuata, na USIU-Africa ya Nairobi ikajiunga mwaka 2020. Humo mwanafunzi hulipiwa gharama zote, lakini pia hutarajiwa kurudisha mkono kwa jamii yake akiwa bado anasoma.

VIUNGO SITA VYA MPANGO UNAOFANYA KAZI

Ukiilinganisha mipango hiyo, utaona viungo sita vinavyojirudia. Havitegemei ukubwa wa pesa.

1. Uteuzi ulio wazi. Wings to Fly na Elimu hutumia kamati za jamii zinazokaa na maafisa wa elimu, viongozi wa dini, machifu na meneja wa tawi la benki. Familia hutembelewa nyumbani ili kuthibitisha hali yake. Kamati yenye watu wa pande nyingi ni vigumu kuinunua, na uamuzi wake ni rahisi kuutetea barazani. Mpango ukianza kwa upendeleo, hata yule mwanafunzi aliyestahili huonekana mtoto wa mkubwa, na heshima yake ya uongozi huisha kabla hajaanza.

2. Maandalizi kabla ya chuo. Kijana wa Ngao anayeingia chuo cha watu maelfu hukutana na mambo mengi kwa wakati mmoja: pesa mkononi, uhuru, siasa za wanafunzi, kamari za simu, upweke. Wiki chache za maandalizi humfunza kupanga matumizi ya muhula, kuandika barua rasmi, kutumia kompyuta na kujua ofisi ya kuendea akikwama.

3. Mlezi mmoja kwa kila mwanafunzi. Mlezi si mfadhili. Ni mtu mzima anayempigia simu kila mwezi na kumuuliza mambo matatu: masomo yanaendaje, pesa zinaendaje, na wewe mwenyewe waendeleaje? Swali la tatu ndilo linalowaokoa wengi. Msichana alelewe na mwanamke inapowezekana, na mzazi amjue mlezi kwa jina na kwa uso.

4. Kazi halisi yenye kuwajibika. Uongozi haufundishwi kwa hotuba. Mwanafunzi hupewa jukumu dogo ambalo likiharibika litaonekana: kutunza daftari la mahudhurio, kuandika kumbukumbu za kikao, kuhesabu pesa za kikundi mbele ya wanachama. Jukumu hilo hukua mwaka hadi mwaka.

5. Kurudisha mkono akiwa bado mwanafunzi. Wengi husubiri kijana apate kazi ndipo wamdai. Hilo ni kuchelewa. Mazoea ya kutumikia hujengwa katika likizo za chuo, kijana akiwa hana cha kutoa ila muda na elimu yake.

6. Rekodi. Mpango usioandika hauwezi kujua nani ameacha chuo mwaka wa pili na kwa sababu gani. Daftari moja lenye jina, kozi, mwaka, mlezi na kazi ya likizo linatosha kuanzia.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Ngao haikuanza kusoma jana. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika hapa mwishoni mwa karne ya 19, na kwa vizazi vingi eneo hili limetoa walimu, wauguzi na wachungaji. Lakini katika Kaunti nzima, yenye watu 315,943 kwa hesabu ya mwaka 2019, familia nyingi bado hazijawahi kumpeleka mtu chuo kikuu. Mtoto wa kwanza kufika huko hubeba matumaini ya ukoo mzima, na mara nyingi hana wa kumuuliza njia.

Sababu ya pili sote tunaikumbuka. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, mapigano katika Delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100. Ugomvi wa ardhi, malisho na njia za mifugo kufika mtoni, zile malka zetu, uligeuka kuwa msiba wa Wapokomo na Waorma kwa pamoja. Wazee wa Gasa na wa Matadeda wanajua sheria za zamani za kugawana mto. Lakini wazee hawaishi milele, na anayekaa nao leo kuandika na kujifunza ni nani?

Hapa mpango wa kulea viongozi una kazi ambayo basari peke yake haiwezi kuifanya. Ukiwakutanisha wanafunzi kumi wa vyuo kutoka Ngao, Oda, Kipao na Garsen, wa jamii tofauti, wakafanya kazi moja kila likizo kwa miaka minne, utakuwa umejenga watu kumi wenye nambari za simu za upande wa pili. Uvumi ukizuka usiku, mtu wa kumpigia yupo. Hilo halizuii kila ugomvi, lakini ugomvi mwingi huanza kwa habari ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Sababu ya tatu ni mafuriko. Mto ukifurika, kama ulivyofanya mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara hukatika na familia huhamia kambini. Mwanafunzi wa chuo aliyezoea kuandika orodha na kusema ukweli kuhusu hesabu ni hazina wakati wa kugawa chakula na mablanketi.

SHERIA INASEMAJE KUHUSU KAUNTI?

Wenyeji wengi huuliza kwa nini Kaunti isianzishe tu ufadhili mkubwa wa chuo kikuu. Jibu limo katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijiji, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulea watoto. Sekondari na vyuo vikuu ni jukumu la Serikali ya Kitaifa.

Kaunti nchini zimekuwa zikitoa basari za sekondari na vyuo kutokana na mahitaji makubwa ya wananchi. Mnamo Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na Serikali ya Kitaifa kabla ya kutumia pesa katika majukumu yasiyo yao. Suala hilo lilifika Mahakama Kuu. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 187, inaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine jukumu kwa makubaliano.

Maana yake kwa mwenyeji ni hii: pesa za karo zinaweza kuchelewa kwa sababu za kisheria, na si vyema mwanafunzi kutegemea mlango mmoja. Lakini kulea uongozi hakuhitaji kusubiri. Zahanati, ustawishaji wa kilimo na mifugo, maji vijijini na chekechea ni kazi za kaunti chini ya Katiba, na zote ni mahali pazuri pa mwanafunzi kujifunzia kazi.

MPANGO WA KIJIJI UNAWEZA KUONEKANA HIVI

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme kijiji kimoja karibu na Ngao kina wanafunzi wanane vyuoni: wanne wana ufadhili, wawili wana mkopo, wawili wanasomeshwa na ndugu. Mpango mzuri hauwabagui. Wote wanane waingie.

Mwezi wa kwanza, wazee, mwalimu mkuu, mhudumu wa afya, kiongozi wa wanawake, imamu na mchungaji wanaunda kamati ya watu wasiozidi saba. Kamati inaandika majina ya wanafunzi na kumpa kila mmoja mlezi. Mlezi anaweza kuwa mwalimu, muuguzi wa Hospitali ya Ngao, afisa aliyestaafu au mkulima mwenye busara.

Likizo ndefu ikifika, kila mwanafunzi anachagua kazi moja ya wiki nne. Anayesomea uuguzi anafuatana na wahudumu wa afya wa jamii nyumba kwa nyumba. Anayesomea ualimu anafundisha hesabu kwa wanafunzi wa sekondari mara tatu kwa wiki. Anayesomea uhasibu anakisaidia kikundi cha akina mama kupanga vitabu vyao. Anayesomea kilimo anakaa na wakulima wa mpunga na wa maembe. Wawili wanakaa na wazee wa jamii zote mbili kuandika malka zilizokubaliwa na mipaka yake.

Mwishoni mwa wiki nne, kila mmoja anasimama barazani kwa dakika kumi na kueleza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, amefanya nini, nini kimeshindikana na kwa nini. Wananchi wanauliza maswali. Hapo ndipo mtu hujifunza kuwajibika kwa watu wake, maana mama aliyekaa chini ya mwembe atauliza pale pasipoulizwa na profesa.

Gharama za mpango kama huo ni daftari, nauli kidogo, muda wa maongezi na chai. Kinachohitajika zaidi ni watu wasiochoka mwaka wa pili.

MAKOSA YA KUEPUKA

Mipango mingi ya vijana hufa kwa sababu zinazofanana.

Ya kwanza ni semina nyingi bila kazi. Kijana anarudi na cheti na fulana, lakini hajawahi kusimamia chochote.

Ya pili ni siasa. Mwanafunzi akitumiwa kubeba mabango ya mgombea ili aendelee kufadhiliwa, anafunzwa utumwa badala ya uongozi. Kamati iseme wazi kwamba msaada hautolewi wala kunyang'anywa kwa sababu ya kura.

Ya tatu ni kuwasahau wasichana. Ratiba ya kazi za likizo isiwekwe jioni wala mbali bila mpango wa usalama, na wazazi waelezwe mapema. Msichana anayerudi nyumbani akatwishwa kazi zote za nyumba hatapata muda wa kujifunza uongozi wowote.

Ya nne ni kuwadharau wanaosomea ufundi. Fundi umeme au fundi bomba aliyelelewa vizuri ataongoza kamati ya maji vizuri kuliko mwenye shahada asiyelijua bomba.

Ya tano ni kudai kila msomi arudi kuishi kijijini. Wengine watafanya kazi Mombasa, Nairobi au Uarabuni. Cha muhimu ni wabaki katika orodha, wawe walezi wa wadogo zao, na simu zao zipokewe.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Mwanangu ameitwa chuo. Tuanze wapi?
Hakikisheni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na cheti cha matokeo vina majina yanayofanana. Herufi moja ikipishana, maombi ya ufadhili au mkopo hukwama. Marekebisho yaanze mapema katika ofisi za usajili au Huduma Centre.

Je, fomu za ufadhili zinauzwa?
La. Fomu za Wings to Fly na Elimu hutolewa bure. Anayekudai pesa "za kusukuma jina" ni tapeli, hata akiwa jirani yako. Mripoti kwa chifu au kituo cha polisi.

Nikikosa ufadhili kamili, je?
Omba kila mlango ulio halali: HELB, basari za eneo bunge, wakfu za benki na mashirika ya dini. Weka nakala ya kila barua uliyopeleka na tarehe yake.

Mwanafunzi asiyefadhiliwa anaweza kuingia mpango wa kijiji?
Ndiyo. Uongozi haugawanywi kwa hundi.

Mzazi asiyejua kusoma ana nafasi gani?
Ana nafasi kubwa. Ndiye anayemjua mtoto tangu utotoni. Amuulize kila likizo: umewafanyia nini watu? Na amruhusu aende kufanya.

JAMBO LA KUFANYA MWEZI HUU

Katika baraza lijalo la kijiji chako, omba dakika tano za ajenda. Ombi liwe moja: orodha ya wanafunzi wote wa kijiji walio katika vyuo vikuu na vyuo vya ufundi, pamoja na kozi wanazosoma na nambari zao za simu. Vijiji vingi havina orodha hiyo. Hujui utaanza na nani mpaka uiandike. Ikishaandikwa, mtafute mlezi wa jina la kwanza kabla baraza halijavunjika, na mlezi huyo apige simu siku hiyo hiyo.